Alifua kadi ya kliniki ya mumewe, sasa ajifunza kuandika programu

Saa sita na nusu mchana, mashine za kufulia za hospitali zinanyamaza. Mfua mashuka anavua glovu, anakalia furushi la mashuka safi na kufungua daftari. Anaandika kwa penseli mistari mitano ya programu kabla ya kuijaribu kwenye simu.

"Nikikosea hapa nafuta tu. Simu haina subira na mimi," anasema, akicheka kidogo.

Ana miaka arobaini na tatu. Kumi na sita kati ya hiyo ameimalizia katika chumba hiki. Miaka miwili iliyopita, nyumbani, alifua shati la mumewe bila kupekua mfuko. Mlikuwa na kadi ya kliniki ya moyo. Wino ukatoka wote.

"Nikamwambia, si ni tarehe ishirini? Akanijibu, wewe ndiye mwenye kumbukumbu, mama watoto. Tukangoja ishirini. Kumbe ilikuwa tisa. Dawa zikamwishia. Tarehe kumi na nane tulimzika."

Anakunja tena shuka ambalo tayari limekunjwa.

Baada ya arobaini ya msiba aliamua kutengeneza programu ya kumkumbusha mgonjwa siku yake kwa ujumbe wa simu. Alianza na kitabu kinene cha mtumba. Kufika ukurasa wa nne, kilizungumza kana kwamba msomaji ni fundi tayari. Akahamia kwenye video: mwalimu wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja akisifia lugha yake ya kompyuta. Miezi saba ikayeyuka.

"Nilikuwa natazama tu. Nikizima, kichwa cheupe."

Karani wa masjala, anayeandika programu kidogo, alimkuta akilia penye kamba za kuanikia.

"Dada, acha kuzurura," alimwambia. "Shika somo moja la wanaoanza, lenye mazoezi kila hatua. Ukikwama niulize. Usilihame mpaka liishe."

Alilipata, la bure. Amefika somo la kumi na nne kati ya thelathini, na programu yake sasa inatambua siku moja kabla ya kliniki. Kutuma ujumbe bado.

Ikikamilika, ataipeleka kwanza kwa mama mkwe wake, ambaye hadi leo anaamini mwanawe alipuuza kliniki.

"Hajui habari ya shati," anasema. "Nataka nimwambie mwenyewe. Ila nisiende mikono mitupu."