Koti Hadi Ukingoni mwa Maji

Kwichi, kwichi, kwichi. Mpaka leo nikisikia kandambili zilizolowa zikija juu ya marumaru, namuona mama anaacha kufuta kioo na kutega sikio. Likizo ile ya shule hakutaka kuniacha nyumbani peke yangu, akawa ananichukua kazini kwake, ghorofani kwenye minara ya Jumeirah Lake Towers, huku Uarabuni, kwa madam mmoja mzee kutoka Uskochi. Kila asubuhi madam alirudi kutoka bwawa la chini ananuka dawa ya maji, nami niliyatamani maji yale hadi nikaota nina mapezi. Mama hakuyapenda. Mtu mzima yule, kila siku majini, anatafuta nini? Jioni alininusa utosi, asije akakuta nami nimejichovya.

Madam aliwahi kuishi Tanga ujanani, na Kiswahili chake kilikuwa kimebaki vipande. Siku moja akatuonyesha picha ukutani: msichana wa zamani, koti refu, medali shingoni. “Bibi yangu,” akasema. “Alioga mbele ya watu wengi. Alioga vizuri, wakampa medali.” Mama akanivuta ubavuni. Madam akanigeukia, uso umechangamka. “Kesho wewe na mimi, tuoge.”

Kwenye lifti mama alinishika mkono mpaka ukauma. “Mwanangu hakogi na mtu. Na hiyo medali ya kukoga, nchi gani hiyo? Kesho namuaga, khalas.” Nikalia kimyakimya, bwawa langu linakwenda.

Kesho yake alisimama mlangoni, mkoba haujashuka begani. “Madam, kukoga ni sabuni. Wewe wataka sabuni gani na mwanangu?” Madam akalala kifudifudi juu ya zulia, na uzee wake, akaanza kupiga mikono na miguu. Mama akaziba mdomo kwa mtandio. “Kuogelea! Si useme.” Akacheka, lakini shaka haikumtoka. “Na wanaume walikuwepo?”

Walikuwepo. Madam akatueleza, nusu kwa maneno, nusu kwa mikono, kwamba bibi yake alishindana zama ambazo watu walinong'ona kuwa msichana wa mashindano hana adabu. Nguo yake ya kuogelea ilikuwa ya sufu. Ikilowa, nzito kama mtoto mgongoni. Koti lile alilivaa hadi ukingoni, mwanamke aliyemsindikiza akalipokea, naye akajirusha. Akitoka, analikuta limefunguliwa, linamsubiri. Mama aliitazama picha kitambo. “Kumbe naye alikuwa na buibui lake.”

Akakubali, ila buibui langu alishike yeye. Madam akinifundisha majini, mama akakaa pale ukingoni, macho hayambanduki madam, kama mlinzi wa duka la dhahabu.

Sasa nauza kahawa chini ya minara ileile. Madam alisharudi kwao. Mama yuko Unguja, na kwenye simu bado ananiuliza nani yupo bwawani. Naenda saa za wanawake, naota mashindano ambayo hata pa kujiandikisha sipajui. Zamani macho ya watu wawili yalinifuata majini, moja likiniamini, jingine likimshuku anayeniamini. Siku hizi hakuna anayetazama. Ijumaa iliyopita sikuvua buibui kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nilitembea nalo hadi ukingoni, kandambili zikilia kwichi, nikalivua, nikalitandaza kitini mikono wazi, kama limeshikwa na mtu. Nikajirusha.