Mama Mtambo na Hereni za Mkwewe

Mama Mtambo hakumwamini mtu, na ukimuuliza kwa nini, basi na wewe umeshaingia kwenye kundi. Muuza maji alikuwa mwizi. Jirani wa ghorofa alikuwa mpelelezi, maana mtu mwema atajenga roshani ya nini inayotazama uani kwa watu? Lakini wote hao walikuwa cha mtoto. Aliyemnyima usingizi alikuwa mke wa mwanawe.

Tuseme ukweli, mama wa watu alikuwa na sababu ya kukaa macho. Alipojenga pale palikuwa majani matupu, na wenzake wa kiwandani walimcheka hadi machozi: "Unakwenda kuishi na nyoka, dada?" Sasa viwanda vimeongezeka, mji umefurika, na waliocheka ndio wanaohangaika kutafuta viwanja hukohuko. Kila akiamka, ukuta mpya, geti jipya, na mtu asiyemjua anamwamkia utadhani ni ndugu. Nyumba yake ya vyumba vinne ilikuwa kwenye kona, na lami ilipopita mbele yake, madalali wakaanza kuizunguka kama nzi kwenye kidonda. Wote aliwafukuza kwa ufagio. Hapa natoka nikiwa nimebebwa, aliwaambia.

Jina la Mtambo alitoka nalo kwenye kiwanda cha nguo, alikofuma mpaka mvi zikamwota. Mle ndani mitambo ilinguruma hata ukimpigia mwenzako kelele sikioni hasikii kitu. Wafumaji wakazoea kusema kwa midomo mitupu, bila sauti, na kusomana toka upande mmoja wa ukumbi hadi wa pili. Asiyemwona msemaji alipasiwa maneno na aliye katikati. Na huyo wa katikati, ili asije akabebeshwa maneno ya watu, alishika sikio kwanza, maana yake: nimesikia tu, si yangu.

Alistaafu, lakini midomo haikustaafu. Akiwaza, ilicheza yenyewe. Macho nayo yalibaki makali. Mwanawe wa pekee aliwahi kuchapwa utotoni kwa wizi wa sukari aliokuwa bado anaupanga tu na wenzake uani, mama akiwasoma kutoka dirishani. Hakurudia tena. Ndivyo mama alivyoamini.

Mkwe alikuwa msusi, mwanamke wa hereni kubwa kubwa zinazocheza kila akigeuza shingo. Miaka ya mwanzo walipatana mno. Mama alikaa kwenye kigoda kusukwa, huku akisimulia mambo ya kiwandani mpaka mchana ukaisha. Kilichowaharibia ni siku mkwe alipomwambia taratibu, "Mama, yule dalali wa kofia anamfuata sana mwanao. Angalia nyumba yako."

"Ahaa! Unataka kunigombanisha na damu yangu? Nimemzaa mimi, hukumzaa wewe!"

Kuanzia hapo ikabaki shikamoo na marahaba.

Basi jioni moja mama akachungulia dirishani, akaona watu watatu kando ya tenki la maji. Mwanawe alimpa mgongo. Dalali wa kofia naye mgongo. Mkwe peke yake, nyuma yao kidogo, ndiye aliyeelekea dirishani, mkono sikioni, akichezea hereni yake, na midomo yake ikasema waziwazi: "Mama aende kijijini kwa mdogo wake. Akiondoka tu, nyumba iwe tupu."

Moyo ulimpasuka. Kumbe! Hereni sikioni, nyumba ya watu mdomoni! Midomo yake ikaanza kucheza pale dirishani: nyoka we, mchawi we, nilikulisha, nikakuita mwanangu, na mengine ambayo sitayasema hapa. Mkwe aliinua macho, akamtazama, kisha akainama. Mama akasema moyoni, aibu hiyo imemshika.

Siku chache baadaye mwanawe alikuja kukaa kitandani kwake. "Mama, umechoka. Jumamosi nikupeleke kijijini kwa mama mdogo ukapumzike."

Mama akakumbuka maneno ya tenkini, akacheka moyoni. Maskini mwanangu, hata hajui kwamba anachezeshwa na mkewe! "Nitakwenda," alimwambia, "lakini funguo nakuachia wewe mkononi. Na mkeo umchunge, baba. Ikibidi umrudishe kwao."

"Usijali, mama."

Jumamosi gari likaja. Mama alikuwa amefunga mzigo, kitenge begani, rundo la funguo mkononi. Akachungulia dirishani mara ya mwisho. Mwanawe na dalali walikuwa getini, migongo kwake. Mkwe alisimama katikati ya uani na beseni la nguo, uso dirishani, mkono mmoja sikioni. "Akishapanda gari, leta fundi abadilishe kufuli."

Mama alishafungua mdomo amtukane. Halafu akaona kitu kidogo. Siku hiyo mkwe hakuvaa hereni. Alikuwa ameshika sikio tupu.

Akashika nondo za dirisha. Ukumbi wa mitambo ukamrudia mzimamzima, na mwanamke wa katikati akimpasia maneno ya wengine. Nani alimfundisha huyu? Nani, kama si yeye mwenyewe, pale kwenye kigoda, nywele zikisukwa?

Akasema bila sauti, "Maneno ya nani hayo?"

Mkwe akatoa mkono sikioni. "Ya mwanao, mama. Na siku ile pia."

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Nilikuja nikakuonya juu ya dalali. Ulinifokea."

Swali lililobaki mama aliliogopa kuliko kufuli. "Na yale niliyokutukana hapa dirishani?"

Mkwe alitazama beseni, akainua uso tena. "Niliyasoma yote, mama."

Aibu ilimchoma mama wa watu mpaka machozi yakamtoka. Lakini hakukaa kulia. Alitoka nje na kitenge chake, akampita mkwe, akamtia rundo la funguo kiganjani na kumfumba vidole. Kisha akaenda akasimama nyuma ya mwanawe.

"Gari liko tayari, mama," mwanawe alisema huku akitazama barabarani. "Nipe funguo twende, jua linawaka."

"Geuka, mwanangu."

"Twende, mama, tunachelewa."

"Sawa. Lakini geuka kwanza, uniambie hayohayo nikiuona mdomo wako."

Dalali alivua kofia, akaivaa tena, akaanza kuondoka pole pole. Mwanawe aliendelea kutazama barabara, na hakugeuka.