Misambi Imerudi

Kulthumu hakuwa mwanamke wa kuangalia ndege. Alikuwa fundi wa kushona, mwenye cherehani na mdomo, na vyote viwili havikujua kupumzika. Lakini kule Mwakiro, mkoani Muyinga, mumewe Uthmani alikuwa na ugonjwa wake. Alasiri, baiskeli za kutengeneza zikiisha, alitandika mkeka nyuma ya nyumba, akamwita binti yao Riziki, wakakodoa macho bondeni ambako misambi walikuwa wakicheza. Msambi ni yule korongo mwenye taji la manyoya kichwani, anayerukaruka na kuinama mbele ya mwenzake kama bwana harusi aliyesahau aibu. Kulthumu alilalamika kwamba chai inapoa na maharage yanaungua, kisha akaja naye akaketi. Haikupita muda alikuwa akiwagombeza ndege wenyewe: yule wa kushoto mvivu, hachezi!

Vita vikaja kuharibu hata hilo. Bunduki zilipolia mlima wa jirani, misambi walikuwa wa kwanza kuhama, watu wakafuata. Siku ya kuondoka, Kulthumu alikuwa juu ya lori la ndizi, cherehani mapajani, Riziki ubavuni. Uthmani alisimama chini. Alikuwa amekataa kupanda, eti nyumba itabaki na nani? Mkewe akapandwa na hasira.

"Kaa na nyumba yako! Mi sirudi huku mpaka misambi irudi!"

Alisema tu, kama mtu anavyosema harudi kamwe. Lori likaondoka, na kabla hawajafika Gitega alikuwa ameshayasahau maneno yake.

Dada yake Yasmina aliwapa chumba cha uani, mtaa wa Magarama. Chumba chenyewe kilikuwa cha kugeukia kwa zamu. Ilikuwa miaka ya vikwazo, bidhaa haziingii nchini, vitambaa vipya haba, na Kulthumu alishinda akigeuza kola za mashati yaliyochakaa. Riziki aliangalia kunguru juu ya bati na kununa kwamba hawachezi. Na mtaani hakuna aliyesema jambo waziwazi. Risasi ziliitwa mvua, wenye bunduki wakaitwa wageni. Ilifika mahali mtu akisema mvua inakuja, akina mama wanaingiza watoto ndani na kuziacha nguo kwenye kamba zilowe.

Ndipo alipotokea Houssein, dereva wa lori, akitokea Muyinga. Aliinama mlangoni, akatazama nyuma, akashusha sauti.

"Mama Riziki, bwana yako amenituma. Anasema misambi imerudi."

"Basi?"

"Basi tu. Anasema we utaelewa. Mi kesho narudi, kama iko neno ya kutuma uniambie."

Yasmina hakumpa Kulthumu hata nafasi ya kufikiri.

"Misambi! Miguu mirefu, si mabuti hayo? Donc, yaani wageni wameingia Mwakiro. Bwana yako anakukataza kurudi. Ule mtu iko na akili!"

Basi Kulthumu akamjibu Houssein: "Umwambie nimeelewa. Sisi hatutoki hapa."

Toka siku hiyo hakukaliki. Alishona mikono ya shati kinyumenyume, akagombana na Yasmina kwa ajili ya chumvi, akamfokea Riziki kila alipotaja bondeni. Kila swala alimwombea mumewe, na kila akimaliza alimkasirikia upya kwa ukaidi wake.

Mvua za masika zilikuwa zimekwisha Uthmani alipoingia uani, na furushi begani, amekonda, uso ameufunga. Kulthumu akaruka kutoka kwenye cherehani.

"Alhamdulillahi! Wamekuachia?"

"Nani?"

"Si misambi!"

Uthmani akamtazama kama asiyemjua. "We ni mtu wa namna gani? Ulisema utarudi misambi ikirudi. Imerudi, kumetulia kabisa, njia iko mzuri, nikakuambia. We ukajibu umeelewa, na hautoki hapa!"

"Misambi... ndege?"

"Iko ndege! Ndege tu! Misambi inaweza kuwa nini ingine?"

Alikuwa amengoja kando ya barabara kila lori lilipopita. Mwishowe akasadiki kwamba mke amemwacha. Nyumba akawapa wakimbizi wa kutoka mlima wa jirani, watu wenye watoto wachanga, ambao hakuna wa kuwatoa. Na lori lililomleta lilikuwa la mwisho, njia imefungwa tena. Kulthumu alitaka kumpiga mtu, ila hakujua aanze na nani: Yasmina, Houssein, vita, au mdomo wake mwenyewe.

Riziki ndiye aliyeuliza. "Baba, ilikuwa ngapi?"

"Mbili. Na vitoto."

"Inacheza bado? Nionyeshe!"

Uthmani alikuwa amechoka na safari, amechoka na mkewe zaidi. Hata hivyo akasimama katikati ya chumba, akainama, akakunjua mikono. Wa kulia ukagonga ukuta. Wa kushoto ukagonga cherehani, ukabaki umekunjwa hapo hapo.

"Ule wa kushoto mvivu," Riziki akasema, na kumtazama mama yake.

Kulthumu aliinama, akaikumbatia cherehani yake, na kola ya mteja ikiwa bado chini ya sindano, akaitoa nje uani.