Wapigaji wa Mma Ledwaba

Kwa miaka ishirini na sita Mokgadi Ledwaba alikuwa na wimbo mmoja kooni, na kwa miaka ishirini na miwili kati ya hiyo mumewe alimwambia, "Huo umeusikia mahali."

Matome hakusema kwa ubaya. Kwa akili yake, mwenye haki ya kutunga ni mtu ambaye picha yake iko kwenye ganda la santuri, amevaa suti na kufumba macho. Mke anayeshona sare za shule mtaani Mamelodi, pini mdomoni, anavuma kwa pua kutoka kifungo hadi kifungo, huyo hatungi, huyo anakumbuka. Matome alikuwa na santuri mia nne na kumi, na mara nyingi alizipekua akitafuta wimbo wa mkewe umetoka wapi. Hakuupata. Akafa akiamini kwamba uko kwenye santuri ya mia nne na kumi na moja.

Basi hilo ndilo lililomkera Mokgadi mpaka uzeeni. Alimpenda mumewe, alimlilia, na kaburi lake hulifagia kila Pasaka. Lakini akikumbuka lile neno, "umeusikia mahali," damu inamchemka upya kama jana, na haki anayo.

Macho yalipomshinda akaacha cherehani. Binti yake Pheladi, mwalimu wa hesabu, akamletea laptopu yake kuukuu yenye programu moja ya muziki.

"Angalia, Mma. Hapa kuna visanduku. Unaandika sauti unazotaka, unachagua mdundo, unabonyeza hapa. Yenyewe inakuletea piano, besi na dramu."

"Wapigaji wanatoka wapi?"

"Hawatoki popote. Ni kompyuta."

"Na wanakula nini?"

"Mma!"

"Nauliza tu. Wapigaji niliowajua mimi, hakuna aliyeshika chombo kabla hajamaliza sufuria."

Mokgadi hakuwahi kugusa piano, lakini noti za solfa alizijua. Miaka arobaini aliimba alto katika kwaya ya Kilutheri, akisoma do-re-mi kama wengine wasomavyo gazeti, na mwimba alto hujua wimbo unaelekea wapi kabla ya soprano kujua. Kwa hiyo sauti zilizolala chini ya wimbo wake alikuwa nazo masikioni zamani. Kilichobaki kilikuwa kuzitoa masikioni na kuziingiza kwenye visanduku, na kazi hiyo ilimla miezi mitano.

Mdundo wa kwanza aliouchagua ulitoka na furaha ya kijinga, kama wa tangazo la majokofu. Wa pili ulikuwa wa arusi. Wa tisa ulianza kueleweka, ila besi ilikwenda mbio bila sababu. Mokgadi hakuwa mtu wa kunyamazia uzembe. Aliwasimamia wale wapigaji kama alivyowasimamia mafundi wake wa kushona.

"Wewe wa besi, unakimbilia wapi? Basi limekuacha?" Anapunguza mwendo, anabonyeza tena. "Eeh. Hapo sasa. Na wewe wa dramu, nani kakwambia upige sinia yote ya shaba? Gusa. Gusa tu, mwanangu."

Pheladi akija Jumamosi na magwinya, maandazi yao ya moto, humkuta mama yake amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, anagombana na meza.

Pagumu palikuwa katikati. Wimbo ulipofika hapo ulishuka mahali pa giza kidogo, ukakaa, kisha ukatoka kwa mlango mwingine. Kompyuta haikupenda kushuka. Kila alipoandika hivi, piano ilimvuta juu, njia ambayo kila mtu angepita. Wiki mbili alihangaika na visanduku vinne tu, hadi siku moja, akimenya viazi, akakumbuka sauti ya alto ya utenzi mmoja wa mazishi, mahali ambapo kwaya nzima hushuka hatua moja bila kuaga. Akaacha viazi. Akaandika. Akabonyeza. Piano ikashuka, besi ikaifuata kwa heshima, na Mokgadi akalia peke yake jikoni, kisu bado mkononi.

Sasa alitaka kujua kitu kimoja: je, huu ni wimbo kweli?

Pa kuulizia palikuwa mahali pamoja tu. Matome alikuwa mwanachama wa chama cha wapenzi wa jazi, kile kinachokutana Jumapili mchana kwa zamu za nyumba, na kwa desturi yao kiti cha marehemu hurithiwa na mtu wa nyumbani kwake. Miaka minne Mokgadi alikuwa amekikalia kiti hicho kati ya wazee wa kofia na viatu vya kung'aa, akipiga santuri za Matome zamu yake ikifika. Pale watu hawachezi wawili wawili. Mtu husimama peke yake na kucheza alichokisikia, huyu anafuata besi, yule anafuata piano.

"Midomo yao itamsifu mjane," alimwambia Pheladi. "Miguu yao haina adabu. Wakikaa kwenye viti, ndiyo jibu."

"Utawaambia ni wako?"

"Wakishacheza."

"Na wasipocheza?"

"Nitasema ni wako wewe."

Zamu yake ya kupiga santuri iliangukia Jumapili ya kwanza ya Septemba, nyumbani kwa mwenyekiti, Bra Ntau, maana kwao kaka huitwa Bra. Turubai lilikuwa limefungwa uani, mogodu, mchuzi wa matumbo, inachemka upande wa jikoni. Sheria ya chama ni kwamba anayepiga anataja kwanza jina la wimbo na wapigaji wote, hata yule wa kutikisa kayamba. Lakini ipo ruhusa ya kufunika: unapiga bila kusema, wenzako wabahatishe. Mokgadi alitoa sidii yake ndani ya bahasha ya kaki.

"Nafunika," alisema.

"Mma Ledwaba anafunika leo!" Bra Ntau akacheka. "Jamani, panguseni masikio."

Besi ikaanza. Mokgadi akakaa, mikono mapajani, macho kwenye viatu vya watu. Hakuna kiatu kilichosogea. Piano ikaingia. Mtu mmoja akakohoa. Mokgadi akaanza kujilaumu: mwanamke wa miaka sitini na nne, ana akili zake, kilichomleta hapa na sidii ya jikoni ni nini?

Ndipo Bra Lesetja akasimama.

Huyu Bra Lesetja, karani wa reli mstaafu, ndiye aliyekuwa sikio la chama. Mpe sinia moja ya dramu, atakwambia nani kaipiga na mwaka gani, na hakuna aliyekumbuka siku aliyokosea. Aliivuta kofia chini, akateleza hatua moja kushoto, akasita pale hasa Mokgadi alipomkanya yule wa dramu asipige sinia yote, akateleza tena. Akasimama wa pili. Akasimama Bra Ntau mwenyewe. Kufumba na kufumbua watu kumi na mmoja walikuwa mchangani, kila mmoja na njia yake, na Mokgadi akaziba mdomo kwa kitambaa ili asicheke kwa sauti.

"Mabusela!" Bra Lesetja akapaza sauti. "Ni Elias Mabusela huyu! Simamisha, Ntau, simamisha kwanza!"

Bra Ntau akausimamisha. Wimbo ulikuwa haujafika hata katikati.

"Nilikuwa na miaka kumi na sita," alisema Bra Lesetja, na macho yake yalikuwa yamelowa kweli. "Mtaani Lady Selborne, kabla serikali haijatuhamisha kwa nguvu. Ukumbi ule wa mabati. Nilisimama nje dirishani kwa sababu sikuwa na kiingilio. Huu ndio wimbo waliopiga. Nimeutafuta maisha yangu yote!"

"Na dramu?" mtu akauliza.

"Dramu ni yule shemeji yake. Aliyekatika kidole. Husikii sinia inavyoguswa tu? Ni kidole hicho hakipo."

Watu wakaguna kwa heshima. Mokgadi alikaa kama aliyemwagiwa maji. Wimbo wake umependwa hata umepewa ujana wa mtu, na papo hapo ameporwa mchana kweupe. Akinyamaza, jina la Mabusela litakaa juu yake milele, maana alichosema Bra Lesetja pale huwa kimekwisha. Akisema, atamwaibisha mzee anayelia.

"Bra Lesetja," alisema. "Huo ni wangu."

"Ndiyo, sidii ni yako, Mma. Umeirithi kwa Matome, Mungu amrehemu."

"Sisemi sidii. Wimbo. Nimeutunga mimi."

Vikatoka vicheko vya upole, vile vya kumpa mtoto. Bra Lesetja akamwekea mkono begani.

"Mma Ledwaba. Umeusikia mahali."

Loo! Afadhali angemtukana. Mokgadi aliuondoa ule mkono begani kama anayeondoa uzi kwenye sketi, akasimama.

"Haya. Wewe unaujua tangu una miaka kumi na sita, si ndiyo? Ntau, usiguse hiyo mashine. Bra Lesetja, tuimbie. Endelea ulipoishia."

"Mbele ya watu?"

"Si ulisimama dirishani? Imba."

Mzee akakohoa, akaanza. Sehemu ya kwanza aliipata barabara, maana sikio lake halikuwa la mchezo. Akafika ukingoni, na hapo akapanda juu, njia ile ile kompyuta iliyoing'ang'ania wiki mbili nzima. Akasimama. Mwenyewe alisikia kwamba si hapo. Akarudi nyuma, akajaribu tena, akapanda tena.

"Hapana," alisema Mokgadi. "Hapo unashuka."

Akashuka yeye. Aliimba bila maneno, kwa sauti yake ya alto iliyokwaruzwa na miaka, akaingia pale pa giza, akakaa kidogo, akatokea mlango wa pili.

Bra Lesetja akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha karibu.

"Sasa mimi," akauliza polepole, "mimi nilisikia nini pale dirishani?"

Hasira zote zikamtoka Mokgadi. Alimwonea huruma hata akataka kumpiga.

"Sijui, Bra. Pengine na wewe unao wako."

Mzee akauliza, kama mtu anayeogopa jibu, "Na huyo wa dramu ni nani?"

"Kompyuta ya Pheladi."

"Kompyuta."

"Ndiyo."

"Iliyokatika kidole," alisema Bra Ntau, na turubai zima likapasuka kwa kicheko. Wazee walishikana mabega, mmoja akaangusha kiti. Bra Lesetja alijikaza kidogo, halafu naye akashindwa, akacheka huku anapangusa macho yale yale.

Kelele zilipotulia alivaa kofia yake, akainyoosha.

"Rudia," alisema.

Chama kile hakirudii wimbo siku moja. Hakijawahi. Santuri zipo nyingi na Jumapili ni fupi, na aliyetaka kurudiwa huambiwa akasikilize kwake. Watu wakamgeukia mwenyekiti. Bra Ntau akainua mabega tu. Mokgadi akaiendea mashine.

"Si hiyo, Mma," alisema Bra Lesetja. "Wewe. Rudia wewe."

Angeweza kukubali, na ingekuwa heshima kubwa. Lakini alifikiria miezi mitano, yule wa besi aliyefundishwa kutokimbia, yule wa dramu aliyefundishwa kugusa.

"Bila watu wangu siimbi," alisema. "Nimewahangaikia hao."

Akabonyeza. Besi ikaanza, piano ikaingia, na Mokgadi akaimba juu yao, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza. Wazee wakaingia mchangani mmoja mmoja. Desturi ni kucheza unayatazama maspika, kwa kuwa waliopiga wako mbali au wameshakufa, na hakuna pengine pa kuwatazama. Bra Lesetja aliyapa maspika mgongo, akaivuta kofia chini, akacheza akimtazama Mma Ledwaba, na wenzake wakageuka naye.