Kamba ya Juu ya Rola

Wiki iliyopita nilipiga ukunga mbele ya watu, mwenzangu, tena mimi mwalimu mzima mwenye miwani. Nilikuwa nimekuja Bariadi likizo, na binti wa tajiri aliyekuwa na kiwanda cha mpira, ambaye tulicheza naye rede utotoni, akaniita nikaone mashine zake mpya. Kijana mwenye koti la bluu akaniambia, "Mwalimu, tazama hapa," kisha akanyoosha mkono wake mtupu kuelekea kwenye rola mbili zilizokuwa zikizunguka. Hapo ndipo nilipopiga kelele. Mashine ikasimama yenyewe, kimya, na taa nyekundu ikawaka. Mkono wake ulikuwa haujagusa chochote.

"Ina macho hii," akasema akicheka. "Ukisogea tu, inazima."

Wengine nao wakacheka, halafu wakaacha walipoona nimeshika ukuta. Binti wa tajiri aliniletea kiti. Nilimwambia ni joto. Haikuwa joto.

Zamani kiwanda kile kilikuwa banda la mabati lenye mashine moja ya kukanda mpira, kubwa na nyeusi, yenye rola mbili za chuma zilizoelekeana kama meno. Mpira mbichi uliletwa na lori kutoka Tanga, ukachanganywa na unga wa matairi chakavu, ukakandwa, kisha ukashindiliwa kwenye vyuma vya moto kutoa soli za viatu na mipira ya kufungia mizigo kwenye baiskeli. Ukipita barabara ya Dutwa siku za msimu wa pamba, kila furushi nyuma ya baiskeli lilikuwa limefungwa kwa mpira wetu. Sisi watoto tulijivuna kana kwamba tumeutengeneza wenyewe.

Shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyelisha mashine. Mimi niliishi naye pamoja na bibi, na kila siku nikitoka shule bibi alinipa bakuli la michembe ya viazi vitamu vikavu iliyopikwa na karanga nimpelekee. Nilisikia banda kabla ya kuliona: mngurumo wa mota, na juu yake sauti za wanawake sita wakiimba Kisukuma kwa kupokezana, wimbo wa kulimia, maana mpira nao ulitaka watu waende pamoja. Harufu ya mpira wa moto iliingia kwenye nywele za shangazi na haikutoka hata kwa sabuni ya magadi. Bibi alikuwa akisema, "Kazi isiyokufuata nyumbani si kazi." Tulicheka wote. Sasa sicheki.

Juu ya zile rola ilipita kamba nyembamba ya chuma, toka nguzo hadi nguzo. Siku ya kwanza kuingia mle fundi mkuu alinionyesha kwa kidole. "Ile kamba ikivutwa, mashine inasimama, na mpira wote unagandia humo ndani. Usiiguse hata siku moja. Umesikia, ng'wanawane, mwanangu?" Nilisikia. Nilikuwa mtoto wa kusikia.

Basi ikawa mchana mmoja wa Ijumaa, tajiri ameshaenda msikitini. Nilikuwa nimesimama kando ya nguzo na bakuli langu, nikisubiri shangazi amalize kipande kimoja. Kwa sababu ya joto la mpira alikuwa amevaa glavu ya kitambaa, nayo ilikuwa imechanika kidoleni. Nikaona uzi wa pale palipochanika unakamatwa na mpira. Alivuta mkono mara moja, mara mbili. Hakupiga kelele, alisema tu, "Jamani." Wanawake ndio waliopiga kelele. Fundi alikuwa mwisho wa banda, akakimbilia swichi kubwa ukutani, akiruka matairi.

Na mimi nilikuwa chini ya kamba. Kulikuwa na kigoda pale; ningepanda ningeifikia. Niliitazama. Nikakumbuka nimekatazwa. Nikasimama na bakuli mikononi mpaka mashine ilipozimwa na fundi.

Shangazi alirudi kutoka hospitali hana mkono wa kulia, umeishia juu kidogo ya kifundo. Alijifunza upya kila kitu: kupalilia pamba kwa mkono mmoja, kusonga ugali huku mimi nimeshika sufuria, kunisuka akishikilia nywele kwa meno. Mimi sikumwambia mtu. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikaolewa, nikazaa, na kila nilipomwona anafunga kanga kwa kidevu na mkono mmoja, niliiona ile kamba.

Siku ile ya wiki iliyopita nilipotoka kiwandani nilikwenda moja kwa moja nyumbani. Shangazi alikuwa uani anapeta choroko, ungo ameuegemeza kwenye paja.

"Mwadila, shangazi."

"Mwadila. Mbona umekuja mbio? Nani kafa?"

Nikakaa chini kwenye vumbi nikamwambia yote. Kamba, kigoda, bakuli. Nilimwambia ningeweza kuuokoa mkono wake na sikuuokoa. Yeye aliendelea kupeta mpaka nilipomaliza, kisha akauweka ungo chini.

"Kamba ipi?"

"Ile ya juu ya rola. Ya kusimamishia."

Alinitazama muda mrefu, kama anayemtafuta mtu usoni mwangu.

"Ile ilikuwa imekatwa," akasema. "Tangu kabla ya mvua. Ulikuwa unaona waya tu, haukuwa umeunganishwa na mashine tena. Ilikuwa inasimamisha mashine kila tukiigusa kwa bahati mbaya, tukawa tunabaki kukwangua mpira kwenye rola mpaka jua linazama. Tukachoka. Tukamwambia fundi aikate, na tajiri asijue. Ngazi niliishika mimi."

Miaka yote ile nimeubeba mkono wa mtu, na mwenye mkono alikuwa na wake wa kubeba.

"Kwa nini hukusema?"

"Fundi alikuwa na watoto wanane. Na wewe, mbona hukusema?" Akanivuta kichwa nikalala pajani kwake, palepale kwenye maganda ya choroko. "Ulikuwa mtoto, mama yangu. Hata ungeruka ukaning'inia kwenye waya ule kama popo, isingesimama."

Kesho yake aliomba nimpeleke. Yule kijana alimrudia onyesho lake, rola zikazima, na shangazi akamwambia, "Tena." Akazima tena. Mara ya tatu shangazi akafuta machozi kwa kiganja, akauliza, "Na wanaofanya kazi humu wako wangapi?"

"Wawili kwa zamu, bibi. Mimi na mwenzangu kwenye kompyuta."

"Sisi tulikuwa sita," akamwambia, bila hasira. "Hii ingeniachia mkono. Sijui ingenipa kazi gani."

Wale wanawake watano wengine, mmoja ameshazikwa Shishiyu, mwingine anauza mchele sokoni Binza, waliobaki hatujui waliko. Nimefurahi kwamba mashine ile nyeusi imeuzwa chuma chakavu. Lakini pale kiwandani sasa ni kimya mno, mwenzangu, panasikika feni tu, na nilipojaribu kuukumbuka ule wimbo wao nikakuta nimeushika mstari wa kwanza peke yake. Nikamwomba shangazi animalizie. Naye akafungua mdomo, akasita, akasema hakuwa akiimba sehemu ile. Ile ilikuwa ya wenzake.