Nilimtengenezea Baba app ya kuongea, akawa anaigeuza kifudifudi

Wakuu, nawasalimu kutoka Lubumbashi.

Humu ndani mimi ni msomaji wa kimya, nacheka na nyuzi za watu kisha naenda zangu. Leo natoa yangu, na yote ninayoandika niliyaona kwa macho kwenye kibaraza cha nyumbani kwetu. Mwenye kubisha abishe, ila amalize kusoma kwanza.

Kiswahili cha huko kwenu nilikipata Dar, nilikaa miaka minne ya masomo. Watu wa nyumbani nitawaacha waongee kama tunavyoongea huku, na Kifaransa chao ndani. Nikiwanyoosha watanikasirikia.

Kazi yangu ni kuchora vioo vya simu. Ukifungua app, mahali kitufe kilipo, rangi yake na kinachotokea ukikigusa, hayo ndiyo ninayolipwa kuyafikiria. Ofisi yetu iko mtaa wa Golf, kiyoyozi kinapuliza, na kwa miaka kadhaa nimejiona ninajua.

Shikeni hapo kwenye "nimejiona".

Baba yangu alikuwa mwendesha winchi ya mgodi, upande wa Kambove. Ile mashine kubwa iliyo juu ya ardhi, inayoteremsha watu shimoni na kuwapandisha ndani ya kizimba cha chuma, wao walikiita cage. Amestaafu zamani, akahamia Lubumbashi na Mama, wakajenga.

Mwaka jana kiharusi kilimpiga. Mkono wa kulia ukalegea na maneno yakaisha. Daktari akatuambia Baba anasikia na anaelewa, shida ni kuyatoa. Hata kutikisa kichwa hakukusaidia, maana ndiyo na hapana zilikuwa zinatoka zimepishana. Unamuuliza kama ana njaa, anakataa, kisha anaitazama sahani kwa hasira.

Nikasema, mimi si ndiye mtaalamu wa vioo? Huyu ni baba yangu, nitamtengenezea mdomo.

Mteja wetu mmoja, mfanyabiashara wa Butembo mwenye malori na bohari ya sukari, aliposikia alinipa tableti ya bohari bure, ina ufa pembeni na sukari kwenye tundu la chaji. Mungu amzidishie yule baba.

Nikaweka picha kumi na mbili kubwa. Maji, chakula, choo, redio, baridi, maumivu, na nyingine, hadi picha ya Mama mwenyewe. Baba akigusa moja, ujumbe unakwenda kwenye simu ya Mama popote alipo.

Kioo kilikuwa safi ajabu. Hakilii, hakiwaki, rangi zimetulia. Ofisini wenzangu walikisifu, tukaenda hoteli ya Karavia kunywa soda na kujipongeza. Naandika haya nikiona aibu.

Dalili ya kwanza niliipuuza. Nilikuwa nimeweka ile lenzi ya kutafutia, duara lenye mkia. Mama akaitazama sana.

"Nadine, hii poêle iko inafanya nini hapa? Baba yako iko anapika sasa?"

Nikacheka, nikakiondoa kikaango chake, nikadhani kazi imekwisha.

Basi ikawa hivi. Baba amekaa kibarazani, anagusa maji kwa mkono wa kushoto. Simu ya Mama inalia jikoni. Mama anaacha bukari, yaani ugali, motoni, anafuta mikono, anachota maji, anayapeleka. Akifika, anakuta Baba ameigeuza tableti kifudifudi mapajani, na kikombe anakisukuma.

Mama anarudi jikoni. Baba anaigeuza tena, anagusa maji. Mama anapeleka, Baba anakataa.

Wiki mbili hivyo hivyo.

"Ananiita, minaleta mayi, anakatala," Mama aliniambia siku moja, amekaa kwenye ngazi na kikombe bado anacho. "Kichwa yake iko wapi, mutoto yangu?"

Ukweli ni kwamba nilianza kuamini daktari alikosea. Nilikuwa nimempa Baba njia ya kusema, na alichokisema hakikueleweka, nikahesabu kosa ni lake.

Hapo ndipo baba mdogo alipoingia. Ni mdogo wake Baba, anaishi Kambove, ana nyumba kubwa na roho nzuri, msije mkamchukia. Baba yeye humwita yaya, yaani kaka mkubwa. Alipiga simu katikati ya wiki.

"Yaya anaisha kuchoka, Mama Nadine naye anachoka. Dimanche nitakuya kumukamata, ataishi kwangu. Huku kuko calme."

Chumba alishakitayarisha, na godoro jipya limenunuliwa. Nani amuulize Baba, na Baba kichwa chake hakipo? Ndivyo tulivyokuwa tumekubaliana bila kulitamka.

Mama alisema sawa. Kisha akaingia chumbani akaanza kukunja mashati ya Baba, moja moja, polepole sana. Wameoana miaka arobaini na kitu. Kule Kambove asingeweza kwenda, ana mama yake mzee hapa mjini anayemtegemea.

Kwa hiyo Jumapili wangetengana. Na aliyekuwa anahamishwa hakuulizwa.

Siku iliyofuata akaja Papa Kasongo.

Huyu alifanya kazi mgodi mmoja na Baba, ila yeye alikuwa chini shimoni, mlangoni mwa cage, ndiye mpiga kengele. Ni mtu wa kelele na vichekesho, hajui kunong'ona. Alikuja kumsimulia Baba mpira wa wikiendi, akimcheka kwa sababu timu ya Baba ilifungwa.

Kabla hajakaa, aligonga mkono wa kiti cha Baba kwa kifundo cha kidole. Mara mbili.

Baba akagonga mara mbili.

Kasongo akagonga mara tatu, akapumzika, akagonga mbili. Baba akarudisha vilevile, tatu na mbili, na upande mmoja wa uso wake ukacheka.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Nikamwambia Papa Kasongo kwamba Jumapili Baba anakwenda Kambove, kwa sababu kichwa hakiko sawa. Nikamsimulia habari za maji.

Akaichukua tableti, akagusa picha ya maji. Simu ya Mama ikalia jikoni. Kasongo akakitazama kioo, akasubiri. Hakikufanya lolote, kimenyamaza kama nilivyokichora.

"Sasa nani anamurudishia?" akaniuliza.

Sikumwelewa. Akaiweka tableti mapajani mwa Baba.

"Sikiya, mama. Miye niko chini, yeye iko juu ku machine. Minapika kengele, yeye anarudisha ile ile, hesabu moja. Kama harudishe, hakuna muntu anaingia mu cage. Na kama cage inaanza kutembea bila kurudisha, unaruka inje. Bantu balikufaka juu ya ile."

Akanyoosha kidole kwenye tableti.

"Yeye anapika kengele yake, anangoya, hakuna kintu. Donc signal haikufika, anaifunga. Alafu mayi inakuya yenyewe. Weye ungekunywa? Kichwa yake iko, Nadine. Ni machine yako njo haina kichwa."

Wakuu, nililia pale pale na sinia mkononi. Nililia kwa furaha, na kwa aibu pia.

Maana jambo lenyewe nalijua tangu chuo. Kitufe kikiguswa lazima kimwambie mtu kwamba kimeguswa. Kuna watu, majina yao hatuyajui mitaani, waliokaa wakabuni kitufe kinachodidimia ukikibonyeza, kioo ambacho kingekuwa kigumu kama meza wakakipa uhai. Tunavigusa kutwa na hatuwashukuru. Mimi nilikiondoa kitu chao ili kioo kionekane safi, nikampelekea mtu aliyeshika roho za watu kwa kengele za kurudishiana.

Niliomba ruhusa kazini, nikakaa siku mbili kibarazani na kompyuta, Papa Kasongo pembeni akinielekeza kwa sauti ya mgodini. Baba anatazama.

Sasa ikawa hivi. Baba akigusa picha, inadidimia na kengele inalia, kila picha na hesabu yake ya milio. Simu ya Mama inalia hesabu ileile, na picha hiyo inang'aa kati ya zote. Mama lazima aiguse. Akiigusa, kengele inarudi kwenye tableti ya Baba na picha inawaka kijani. Juu kabisa nikaweka duara jekundu, mlio mmoja, simama. Papa Kasongo alisema bila hilo yeye haondoki.

Jumamosi asubuhi Baba akagusa maji. Milio miwili. Jikoni Mama akajifuta mikono, akagusa. Milio miwili ikarudi.

Baba aliinua kichwa. Tableti akaiacha wazi mapajani, akasubiri, macho mlangoni. Mama akatoka na kikombe, Baba akanywa yote.

Kisha akagusa picha ya Mama. Mama alikuwa amesimama mbele yake, na bado alirudi jikoni mbio kuchukua simu ili amrudishie.

Jumapili baada ya misa baba mdogo akafika na gari. Nikamwomba nusu saa. Nilikuwa nimeongeza picha mbili: kibaraza chetu, milio minne, na nyumba yake ya Kambove, milio mitano. Nikampa simu ya Mama aishike yeye, nikamweleza namna ya kurudisha.

Nikamuuliza Baba anataka kuishi wapi.

Mkono wa kushoto ukapita juu ya picha, moja moja. Akagusa kibaraza. Milio minne ikalia mkononi mwa mdogo wake.

"Anagusa tu," baba mdogo akasema, kwa huruma. "Hata mutoto anagusa."

Na badala ya kurudisha kibaraza, yeye mwenyewe akagusa Kambove kwenye simu. Sijui kama alikuwa anampima au alikuwa anajaribu bahati yake, hadi leo sijamuuliza.

Milio mitano ikarudi kwa Baba.

Baba alilipiga duara jekundu kwa nguvu hadi nikahofia ule ufa. Mlio mmoja. Akatulia, akamtazama mdogo wake usoni, akagusa kibaraza tena. Minne.

Papa Kasongo, aliyekuwa amejibana ukutani akijitahidi kunyamaza kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasema, "Murudishie, muzee. Anakungoya."

Baba mdogo akaisogeza simu karibu na macho. Akagusa kibaraza. Milio minne ikarudi, picha ikawaka kijani, na Baba akagonga mkono wa kiti mara nne, akaegemea nyuma.

"Yaya iko," baba mdogo akasema, machozi yanatoka. "Bantu bangu, yaya iko mule ndani."

Aliondoka na gari tupu. Wiki iliyofuata alirudi na lile godoro jipya, akalileta Baba alilalie hapa hapa, na kila Jumapili anapiga simu aongee kwa kengele. Namshukuru sana, kwa sababu angeweza kung'ang'ania na tusingekuwa na la kusema.

Namshukuru na Papa Kasongo. Ofisini Golf sasa nina mazoea mapya: kabla sijachora chochote, namuuliza atakayekitumia alikuwa anafanya kazi gani kwa mikono yake. Wenzangu wananicheka. Wacha wacheke.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani Baba amepoteza akili, kumbe alikuwa mwangalifu kuliko sisi sote. Wiki zile zote alikuwa anapiga, na sisi tukimpelekea vitu bila kumwambia kwamba tumemsikia.

Maneno hayajarudi, na daktari hatupi matumaini makubwa. Lakini jana nilikuta Mama ameleta kiti chake kibarazani, wamekaa bega kwa bega, tableti huku na simu huku. Baba anagusa picha ya Mama, Mama anarudisha. Baba anagusa tena, Mama anarudisha tena. Hakuna aliyehitaji kitu.

Sasa zamu yenu, wakuu. Nani kwenu anapiga na mnadhani kichwa chake hakipo? Andikeni hapo chini, hata kwa neno moja. Nitamjibu kila mmoja, maana nyumbani kwetu siku hizi ni marufuku kumwacha mtu bila kumrudishia.