Seilkan na Malisho Yaliyopumzishwa

Wifi yangu Seilkan alikuwa mbishi. Nalisema hilo mapema, maana siku hizi kila mtu hapa Koktalaa anamtaja kwa sauti ya matanga, kana kwamba alikuwa malaika. Malaika gani? Alipoolewa na kaka yangu Japarkul alikuwa msichana mwembamba mwenye mikono mikubwa, na mwaka uleule akagombana na mama yetu juu ya namna ya kuchachusha kumisi, yale maziwa ya farasi ambayo kwetu nyumba isipokuwa nayo kiangazi huonekana haina mwenyewe. Cha kuudhi ni kwamba kumisi yake ilikuwa tamu kuliko ya mama. Mama alikwenda kaburini bila kulikubali hilo, na mimi nikanyamaza kwa heshima ya marehemu.

Kaka alipofariki, Seilkan hakurudi kwao. Alibaki na farasi wake majike, wakiongozwa na jike mmoja wa kijivu, mkorofi kama mwenyewe, na kila kiangazi akawa anawapandisha hadi Sarybulak. Huo ndio uwanda wetu wa juu, nyuma ya mlima. Kijiji kizima kilikuwa kikiishi kwa nyasi zake. Mifugo isipopanda Sarybulak, majike hukauka maziwa, kondoo huingia kwenye baridi bila mafuta mwilini, na theluji ikikolea mtu anaanza kuchinja asichotaka kuchinja.

Basi ikaja miaka ya ukame. Theluji ilianguka ya kupaka tu, na chemchemi za Sarybulak zikawa zinatoa maji kwa kusitasita, kama kikojozi aliyezeeka. Nyasi zililiwa mpaka mizizi. Hapo Seilkan akasimama kwenye mkutano wa kijiji, mwanamke peke yake kati ya kofia za wanaume, akasema malisho yamechoka, yapumzishwe viangazi viwili, asipande mtu wala mbuzi. Ndivyo walivyofanya wazee wetu, alisema, na ndiyo sababu tulikuta kitu cha kulisha.

Duishon, mwenye kondoo wengi kuliko sisi sote, hakupendezwa.

"Shemeji, wewe malisho unataka kuyalaza kama mtoto mchanga. Na kondoo wangu je, niwaimbie walale?"

Watu wakacheka. Seilkan akangoja wamalize.

"Waimbie tu, Duishon. Ukiendelea hivi, nyimbo ndizo watakazokula."

Wakacheka tena, safari hii upande wake, na kwetu mtu akishachekesha mkutano ameshinda. Tulikubaliana. Kwa desturi, malisho yakipumzishwa mawe ya meko hutawanywa, mazizi hubomolewa, na samadi kavu yote huteremshwa kwa ajili ya kuni, ili asibaki mtu mwenye kishawishi cha kurudi. Tulipanda wote tukaifanya kazi hiyo. Nilibeba magunia ya samadi mpaka mgongo ukaniambia yake.

Viangazi vile viwili tulivipitisha huku chini kando ya mto, kwenye vumbi na nzi, na sitasema uongo, nilimlaani. Kumisi ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea bakuli. Nilipolalamika, Seilkan aliniambia nifunge mdomo nzi wasiingie. Mwenyewe alikuwa akipanda mpaka kwenye upenyo wa mlima, anachungulia upande wa pili bila kukanyaga, kisha anarudi akitabasamu peke yake. Nyasi zinarudi, wifi, aliniambia. Maua yanafika magotini. Mbuzi wa milimani wameshuka na watoto wao.

Ni katika kiangazi cha pili walipokuja wale wageni kutoka mji mkuu, na vyombo vyao vya kupima na kile kidude kinachoruka kikipiga picha. Walipanda Sarybulak, wakakaa huko, wakateremka nyuso zimewaka jua na furaha. Mkubwa wao alikuwa kijana mpole aitwaye Nurdin. Seilkan akawakaribisha kwake, akawawekea mkate wa moto na malai, ule utando mzito wa maziwa, na mimi nikawa namimina chai. Nurdin akasema hajapata kuona mahali safi namna ile, hata nyayo za chui wa theluji wamezikuta. Akauliza nani hulisha kule.

Seilkan akajinyoosha. Nilimjua vizuri, nikajua sasa anaringa.

"Hakuna. Tumeuacha uwanda. Huko hakanyagi mtu."

Laiti angeongeza maneno mawili. Lakini kwetu nani anahitaji kuelezwa? Ukimwambia mfugaji yeyote kwamba malisho yameachwa, atakuuliza mtarudi lini. Nurdin hakuuliza. Alizaliwa ghorofani. Alishukuru kwa chai, akakumbatiana na sisi, wakaenda zao.

Majira ya kuchipua yalipofika, tukiwa tayari tunakarabati mahema ya kupandia Sarybulak, tukaitwa shuleni. Nurdin alikuwa amerudi, na kwa kweli alikuwa na furaha. Mataifa, alisema, yameahidiana kuwatengea viumbe wa porini sehemu kubwa ya dunia, na nchi yetu nayo imeahidi, na kila mwaka inapimwa imefika wapi. Tulikuwa nyuma. Sasa tumesogea mbele, na Sarybulak imetusaidia kusogea, maana sasa ni hifadhi kamili, haingii mtu wala mnyama wa kufugwa. Alituonyesha ukutani mchoro wa mstari unaopanda. Akaanza kupiga makofi. Walimu wawili wakamfuata, kisha wakatazamana wakaacha.

Seilkan alisimama.

"Mwanangu, wewe ulikunywa chai kwangu."

"Nakumbuka, mama. Na nakumbuka uliniambia hakanyagi mtu."

"Tuliupumzisha. Mtu akiwa amelala, utamzika?"

Nurdin akaona haya, nilimwona. Laiti angekuwa mkali, ningemchukia kwa raha. Akaeleza taratibu kwamba wataalamu walikuta mahali pasipoguswa, hakuna meko, hakuna zizi, hakuna samadi, ndiyo maana pakachaguliwa: hapakuwa na mtu wa kuondolewa. Kwingine watu wangelia.

"Pameguswa na sisi," Seilkan akasema. "Ndiyo maana pako vile mlivyopakuta."

Nurdin aliahidi kulifikisha neno hilo kwa wakubwa, na naamini alilifikisha, kwa sababu jibu lilikuja. Alilileta mwenyewe, akakataa kukaa. Mpaka umeshatangazwa, alisema, na nchi za nje zimeshapewa habari. Kuondoa hata kipembe kimoja ni kushusha tarakimu, na hakuna mkubwa anayetaka kuwa yule aliyeishusha. Seilkan akamuuliza kama sisi tumo popote katika hiyo tarakimu yao. Nurdin akasema hapana, mama, watu hawahesabiwi humo.

Hapo ndipo kijiji kilipomgeuka Seilkan. Duishon alisimama mbele ya lango la Seilkan bila hata kushuka kwenye farasi.

"Mdomo umeponza kichwa, shemeji. Ila kichwa chenyewe ni chetu sote."

Wanawake waliokunywa kumisi yake miaka yote wakawa wanapita kwa upande wa pili wa njia. Na mimi? Mimi nilikuwa naye, lakini kuna siku nilikuwa naye kwa kununa.

Kiangazi kilipoingia, farasi hawakujua habari za mataifa. Yule jike wa kijivu aliruka ua akaongoza kundi lote kwenda Sarybulak, njia anayoijua tangu akiwa ananyonya. Walinzi wa hifadhi, vijana wawili wageni wenye pikipiki moja kwa mlima mzima, wakawakamata. Seilkan akaenda kuwaomba, akarudishiwa. Wakapanda tena, wakakamatwa tena, na safari hii akaonywa kwamba wakirudi hawatoki. Akawafungia uani, akawa anawalisha majani makavu yaliyowekwa kwa ajili ya baridi. Mbavu zikaanza kuonekana. Mchana kutwa walisimama vichwa vimeelekea mlimani, na yeye akikamua alipata kidogo cha kulowesha ndoo.

Bado alikuwa na kitu kimoja cha kushikilia. Aliniambia tukiwa tunapepeta ngano ya akiba: "Si kitu, wifi. Angalau mbuzi wa milimani wana nafasi. Wacha nao wale."

Nilitaka kumwambia kwamba huwezi kunywa maziwa ya mbuzi wa milimani. Nikajizuia, maana niliona hilo ndilo lililokuwa likimsimamisha.

Miaka yote tulipokuwa kule juu, wawindaji hawakuthubutu kupita. Gari likionekana, mbwa hubweka, watoto hukimbilia, wanaume hupanda farasi wakaenda kuuliza hali. Sasa hapakuwa na mbwa. Kabla ya mavuno tukasikia risasi kutoka nyuma ya mlima, kwa utulivu, mojamoja, kama mtu anayepigilia misumari bila haraka. Wale vijana wa pikipiki walikuwa upande mwingine. Gari kubwa lilipita kijijini kabla ya jioni, na pembe zimetokeza nyuma ya turubai, ndefu na fupi. Zile fupi zilikuwa za wale watoto wa mbuzi.

Seilkan alilitazama mpaka likapotea kwenye kona. Kisha akaingia ndani, akanituma nikamwite mchuuzi wa farasi.

Nilikataa. Nikamwambia asubiri, Nurdin ni kijana mwema, pengine mwakani. Nikamwambia auze nusu. Nikamkumbusha kaka yangu, jambo ambalo si haki, lakini nililifanya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho hakuwahi kunifanyia, na hapo nikajua imekwisha. Nilikwenda kumwita.

Mchuuzi alikuwa mtu mzima, mwenye adabu, wa bonde la jirani. Hawakubishana sana juu ya bei. Farasi walitolewa mmoja mmoja, na kwa kila mmoja Seilkan alifanya kama ifanywavyo kwetu: alifuta udenda mdomoni mwa mnyama kwa pindo la gauni lake, akamvua hatamu, akaitundika ukutani. Huuzi farasi pamoja na hatamu yake. Baraka ya kundi imo mle, na hatamu ikibaki nyumbani, farasi wengine watakuja. Hata anayefilisika huuza akiwa na hatamu mkononi, na mnunuzi huja na kamba yake.

Wa mwisho alikuwa yule wa kijivu. Seilkan akamfuta mdomo. Mchuuzi akasogea na kamba, akasimama, akangoja avue.

Hakuvua. Alikwenda ukutani, akaziangua zote, zile za kaka yangu na zile za baba yetu zilizokuwa pale kabla hatujazaliwa, akamtwika yule mtu mikononi.

"Mama, usifanye hivyo," mchuuzi akasema. Alikuwa amebadilika rangi. "Mimi sikununua hizi."

"Nenda nazo. Watakuja farasi, niwapeleke wapi?"

Mchuuzi akanitazama mimi, kana kwamba ningemzuia. Nilikuwa nalia, sikuweza kumsaidia. Akaondoka na farasi wote na hatamu zote, na Seilkan akafunga lango la ua usiokuwa na kitu, akalitia komeo.